Mguu wa Kushoto wa Karanga

Kipling Avenue, Rexdale,
Toronto.
Jumapili, 17 Novemba 1996

Mzee wangu Mutisya,

Pokea salamu zangu nyingi hapo Machakos, wewe na mama watoto na wajukuu wote, pamoja na yule mdogo uliyesema anakuibia miwani. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kiuno kile ulicholalamikia mwaka jana kimekuachia nafasi ya kushuka shambani. Mvua za vuli zimekuwaje huko? Redio ya hapa haisemi lolote juu ya Ukambani, kwa hiyo nakuuliza wewe.

Huku nyumbani Shamshad anakusalimu sana. Magoti yanamsumbua, lakini mdomo ni ule ule uliokuwa ukiusikia pale Ngara tangu kwenye ngazi. Binti yetu Inara yuko mwaka wa pili chuo kikuu. Ukimwuliza jambo kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza, ila ukimsengenya kwa Kiswahili hapitwi na neno. Mimi bado niko kiwanda kile cha kufunga vyakula vya ndege, zamu ya mchana, karibu na uwanja wa ndege. Baridi imeingia wiki hii na tayari nimeshaitukana mara mia.

Barua hii nimeianza mara nne na kuichana mara tatu. Nikuambie moja kwa moja, Mzee. Kaka Anver ametutoka. Alifariki hospitalini Jumanne, tarehe 29 Oktoba, saa nne asubuhi, mimi nikiwa nimemshika mkono na Shamshad akimsomea dua. Tulimzika Alhamisi, na watu wa jamatkhana walijaa, hata waliokuwa wamemsahau. Najua nilipaswa kukupigia simu ile ya dukani kwa jirani yako. Namba ninayo. Niliogopa, na nilichokiogopa utakiona humu ndani.

Unajua barua zote ulizopata kutoka Toronto zilikuwa zake. Tangu sukari ilipomla macho mwaka wa tisini na mbili, mwandiko ulikuwa wangu lakini maneno yalikuwa yake. Yeye anasema, mimi naandika. Yako ikifika, mimi nasoma, yeye anasikiliza ameinamisha kichwa, na nikiruka hata salamu za majirani zako ananirudisha nyuma. Barua ya mwisho uliyopata kwetu ilikuwa ya Aprili, na baada ya hapo kimya. Basi nikueleze yaliyotokea tangu Aprili, ili kimya hicho ukielewe.

Uwanja wa farasi wa hapa Rexdale hufunguliwa theluji ikiwa bado imerundikana kwenye kona. Asubuhi, kabla ya zamu yangu, tulipanda basi mimi na yeye, yeye na fimbo yake nyeupe, mimi na darubini na chupa ya chai, tukaenda kusimama kwenye uzio farasi wakifanya mazoezi. Wazee wengine wa pale walidhani tuna wazimu, maana hatukuweka dau hata siku moja. Dini yetu haituruhusu, na kaka Anver alisema tangu Nairobi kwamba mwenye dau mkononi haoni farasi, anaona dau. Sisi tulipima tu. Tangu enzi zile alipokuwa karani wa uwanja wa Ngong Road, akitoroka ofisini kuja kusimama nawe ukiwa saisi mkuu wa mabanda ya farasi, hicho ndicho kilikuwa chakula chake.

Mwaka huu aliwapima wale wa miaka mitatu, wanaoandaliwa kwa mbio kubwa ya Julai, ile wanayoiita Plate, maili moja na robo, ambayo wanakimbia farasi waliozaliwa Kanada peke yao. Aliniambia kila mwaka kwamba Aprili na Mei ni miezi ya kudanganyana. Wapo farasi waliokula jua la Florida majira ya baridi yote, wanarudi huku miili imepata moto, wanawashinda wenzao waliotoka bandani juzi, na gazeti la mbio linawavika taji. Alitaka nimsomee muda wa kila robo maili, hasa robo ya mwisho. Kulikuwa na dume mmoja wa Florida aliyeshinda mara mbili kwa umbali wa kutia aibu. Kaka Anver akasikiliza tarakimu, akatikisa kichwa, akasema huyu anamaliza akiwa amechoka, na kila mara anamaliza kwa uchovu zaidi. Ikifika Julai watamsahau. Nilimbishia. Mzee, ilipofika Julai alikuwa wa nane.

Kwa kuwa hakuona, alinihoji. Masikio yako wapi, yamelala au yamesimama? Jasho limetokea wapi? Akivuta hatamu, anavuta kwa hamu au kwa hasira? Na lile lako la siku zote: akiwa anakwenda zake, si anapokuja, nyayo za nyuma zinakanyaga wapi? Nilikuwa macho yake, na ninakiri nilianza kujiona mtu. Nyumbani sisikilizwi, kiwandani ndiyo kabisa, lakini pale kwenye uzio kaka yangu alikuwa akiningoja nifungue mdomo.

Ndipo akaja Karanga. Mwenyewe ni Bahadur, kijana wa zamani wa Parklands, ana duka la matairi barabara ya Islington, na huyo ndiye farasi wake wa pekee. Alimpa jina hilo kwa rangi yake. Mbio yake ya kwanza mwezi Aprili alikuwa wa tatu tu, tena mbio fupi, lakini alitoka nyuma kabisa, na baada ya mstari wa mwisho hakutaka kusimama. Mpandaji alihangaika naye mpaka upande wa pili wa uwanja. Nilipomweleza hayo kaka Anver alinishika mkono akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema huyu anadai maili, tena maili na zaidi, na hakuna mtu mwingine uwanjani aliyemwona isipokuwa kipofu.

Bahadur akasikia. Jioni ile jamatkhana, baada ya ibada, alimfuata kaka Anver pale pa kuvulia viatu, wakakaa kwenye benchi wakazungumza mpaka wakafungiwa taa. Kuanzia hapo ikawa desturi. Mzee, laiti ungemwona. Miaka minne watu walikuwa wakimshika kiwiko na kumwongoza kama mtungi wa maji, wakimwuliza habari za figo zake. Sasa wanamwuliza habari za farasi. Alianza kunyoa ndevu mwenyewe kwa kupapasa. Siku tatu kwa wiki alizokuwa akienda kwenye mashine ya kusafisha damu alirudi akitania manesi. Shamshad alisema nyumba imepata mwanamume wa pili, na wa kwanza ajihadhari.

Ni wakati huo Aprili alipokuandikia ile barua ndefu ya kuwapima farasi sita, na Karanga akiwa wa kwanza. Inara alikuja nasi siku moja na kamera yake, akampiga Karanga picha mbele ya banda, nikaitia kwenye bahasha. Niliandika pembeni, maneno yangu mimi, kwamba tazama anavyojua kusimama, mguu mmoja mbele kama bwana harusi. Kaka Anver hakujua kwamba nimeandika hivyo. Picha yenyewe aliishika tu, akaipitishia kidole, akaniambia niifunge.

Jibu lako lilifika tarehe 28 Mei. Nilimsomea mezani, Shamshad akikaanga bajia. Akacheka, akapiga meza kwa kiganja, akasema Mutisya akiridhika basi na dunia imeridhika. Hapa najua umekunja uso, unasema hukuandika jambo la kumfanya mtu acheke. Nivumilie, Mzee. Nikianzia hapo sitafika mwisho.

Wiki ile Bahadur alikuwa njia panda. Kulikuwa na mbio ya majaribio katikati ya Juni, maili moja na kidogo, na mkufunzi wake alimwachia yeye aamue kama Karanga akimbie hiyo au apumzishwe, aingie Julai akiwa mbichi. Bahadur akaja kwetu na sanduku la maembe ya Pakistani, akakaa, akamwuliza kaka Anver. Kaka Anver hakujibu siku hiyo. Alitaka twende kwanza asubuhi tatu mfululizo uwanjani. Tukaenda. Asubuhi ya tatu akamwambia Bahadur kwamba Karanga akimbie, kwa sababu farasi wa masafa marefu hawezi kuyajulia siku ya mtihani.

Nikuambie nilichokiona siku ya mbio. Uwanja ulijaa, jua kali, kaka Anver amevaa koti lake la kijivu la Nairobi, mkono wake kwenye kiwiko changu. Mimi nasimulia. Karanga wa saba. Karanga wa tano. Kwenye kona ya mwisho mpandaji akamtoa nje, akaanza kuwapita, nikawa napiga kelele, wa tatu, wa pili, kaka, wa pili! Halafu akakosa hatua. Kichwa kikashuka, kikainuka, kikashuka. Mpandaji alirukia pembeni, ashukuriwe Mungu akaumia bega tu. Watu elfu kwa elfu walivuta pumzi pamoja, na sauti hiyo kaka Anver aliielewa bila mimi. Akaniuliza mguu gani. Nikamwambia wa kushoto, wa mbele. Akaniuliza kama wameweka pazia, lile la kumficha farasi anayemalizwa. Nikamwambia wanaliweka. Akavua kofia, akasimama hivyo mpaka gari lilipokuja na kuondoka.

Bahadur hakumlaumu. Alikuja nyumbani siku ya pili, akalia, akanywa chai, akaenda. Lakini jamatkhana hakukaa tena kwenye lile benchi, na wale waliokuwa wakiuliza habari za farasi wakarudi kuuliza habari za figo. Kaka Anver aliacha gazeti. Nilimletea matokeo ya Julai, nikamweleza kwamba yule dume wa Florida amekuwa wa nane kama alivyosema, nikidhani atafurahi hata kidogo. Akasema hiyo ilikuwa kubahatisha. Akasema mtu asiyeona hana haki ya kumsemea farasi, na kwamba amemtuma mnyama mzima kwenda kufa kwa sababu ya kutaka kusikilizwa. Hayo ni maneno yake, nimeyaandika kama alivyoyasema.

Agosti aliacha kunyoa. Septemba akawa anachelewa kwenye mashine makusudi, mara tumbo, mara amechoka. Oktoba akawaambia madaktari kwa upole kwamba inatosha. Walimweleza maana yake, Inara akamtafsiria mara mbili huku akilia, naye akasema ameelewa tangu mara ya kwanza. Madaktari wanasema mwili ulikuwa umechoka hata hivyo. Labda. Shamshad anasema ni siku zake zilikuwa zimefika, na mimi namwitikia kwa kichwa kila anaposema.

Sasa nimefika pale, Mzee.

Barua yako ya Mei haikusema nilichokisoma. Uliandika kwamba picha imekutia wasiwasi mkubwa. Uliandika kwamba farasi anayetanguliza mguu namna ile hajipambi, anapumzisha mfupa unaouma, na kwamba ukitazama vizuri bega la kushoto limeanza kupungua nyama. Ulisema asikimbizwe shoti hata moja mpaka mguu upigwe picha ya mfupa, na kama kuna ufa, akae bandani miezi mitatu, na mbio za vuli atakimbia akiwa mzima. Halafu ukaniandikia mimi kwa jina langu, ukasema Sadru, mwambie Anver leo hii.

Nilikuwa nimeketi mezani, bajia zinanukia, kaka yangu ameinamisha kichwa, amenyoa, anatabasamu kabla hata sijaanza. Nilifika kwenye maneno hayo nikayaona yote kwa jicho moja. Nikasoma kwamba picha umeiona, farasi amesimama vizuri, huoni kasoro. Yalinitoka mdomoni laini kabisa, kama yameandikwa. Nilijiambia kwamba wewe uko mbali, umeona kipande cha karatasi tu, na umezeeka. Nilijiambia kwamba nitamdokezea Bahadur kando. Sikumdokezea. Kumwambia Bahadur kulikuwa kumnyang'anya kaka Anver lile benchi, na mimi kunyang'anywa uzio wangu. Nilijitia hamnazo, Mzee, na nilijua ninajitia hamnazo.

Tena kuna lingine, ambalo hata wewe hulijui. Asubuhi ya tatu, farasi walipokuwa wakivuka kile kipande cha lami kwenda kwenye mchanga, Karanga akapita mbele yetu. Kaka Anver akainua kidole. Akaniuliza kama kiatu cha kushoto kimelegea, maana anasikia hatua tatu nzito na moja nyepesi. Alisikia, Mzee! Kipofu, katikati ya kwato za farasi kumi, alisikia kile ulichokiona wewe kwenye picha. Na mimi niliyekuwa natazama kwa darubini nilikiona vile vile, mguu unagusa chini na kuinuliwa upesi. Nikamwambia naam, ni kiatu, saisi ameshaona, wanakwenda kukikaza. Akashusha kidole. Siku hiyo hiyo akampa Bahadur jibu.

Kwa hiyo hakukosea. Hakukosea hata kidogo, na aliondoka duniani akiamini kwamba alikosea. Toka Juni mpaka Oktoba nilikuwa na miezi minne ya kumwambia. Kila asubuhi nilimpelekea chai nikiwa nimedhamiria, na kila asubuhi nilimwuliza kama sukari imetosha.

Jumapili kabla hajafa, saa za mchana, Shamshad alikuwa ameshuka kununua chai, tukabaki wawili. Akaniambia anataka kusikia tena barua yako ya Mei, pale uliposema habari za picha. Nilikuwa nayo kwenye mfuko wa koti. Nimetembea nayo tangu Juni. Nikaitoa, nikaifungua, maneno yako yako mbele yangu kwa wino wa buluu, Sadru, mwambie Anver leo hii. Mlango umefungwa, hakuna mtu mwingine, hakuna benchi tena la kupoteza wala farasi. Nikamsomea kwamba picha umeiona, farasi amesimama vizuri, huoni kasoro.

Kisha akasema kumbe na Mutisya naye amezeeka. Akaniagiza nikuandikie atakapokuwa hayupo, nikusalimu sana, na nikuambie kwamba hakulaumu hata chembe, kwamba picha ni kitu kidogo na mtu yeyote angeweza kupitiwa, na wewe usije ukakaa na jambo hilo moyoni.

Nilimwahidi kwamba nitazifikisha salamu hizo, na sasa nimezifikisha. Amekusamehe, Mzee wangu, kosa langu.

Barua yako nimeitia humu ndani, irudi kwako. Sistahili kukaa nayo. Ukitaka kumjulisha Bahadur, anwani ya duka lake nimeiandika nyuma ya bahasha; mimi mwenyewe nitamwendea wiki hii, na safari hii naandika hapa ili nisiweze kurudi nyuma. Usiponijibu nitaelewa. Ukinijibu, nitaisoma yote, kila neno, kwa sauti, mbele ya Shamshad na Inara.

Mfikishie mama watoto salamu zetu, uwabusu wajukuu, na ukienda kanisani Jumapili mtaje Anverali. Alipenda kusema kwamba dua ya Mkamba hupanda bila kusukumwa.

Ni mimi, niliyekuwa macho yake,

Sadru